Matao Matano na Maji ya Kisimani Kwetu

Vijana wa kazini mliniomba niandike kitu kabla sijasahau. Nimeweka mwiko chini mwaka huu, magoti yamekataa ngazi, na sasa mchana ni mrefu kuliko nilivyozoea. Najua mlitaka habari za shule na zahanati na hoteli za Diani. Hizo zipo, nendeni mkaziangalie. Mimi nitaandika juu ya daraja lisilozidi goti langu, tulilolijenga miaka ya hamsini katika bustani ya Mzungu mmoja, lipite gari moshi la kuchezea. Ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote, na ndani yake mna kosa langu. Mtu aliyelijua kosa hilo kabla yangu tulimzika mwezi uliopita kule Kinango. Nimeona niliandike mwenyewe, lisije likapotea kwa sababu tu hakuna tena wa kunicheka.

Nilisoma madrasa, na shule miaka minne. Mkiona kalamu imepotoka, inyoosheni.

Ufundi nilifundishwa na Mzee Bakari wa hapa Kinondo. Wakati huo waashi wa pwani walikuwa wengi, lakini yeye alikuwa fundi wa matumbawe, na hao walikuwa wamekwisha. Tumbawe ni jiwe la baharini. Likitoka majini ni laini, unalikata kwa msumeno wa mbao kama muhogo, na unaweza kulichonga maua na herufi. Likikauka linakuwa gumu, na bado ni jepesi, mtu anabeba pande kubwa kwa mkono mmoja. Wazee wetu walijengea vibla vya misikiti, pale ukutani anapoelekea imamu akiswalisha. Siku hizi kuyakata ni marufuku, na ni vizuri, kwa hiyo siwafundishi mkayachimbe. Nawaeleza tu tulichokuwa nacho.

Siku yangu ya kwanza alinipa kipande kibichi na msumeno, akaniambia nikate pande sita zilizo sawa. Nilipomletea jiwe alilizungusha mkononi, akaniuliza, "Umelikata au umelitafuna?" Nilikuwa mtu mzima, nimeshaoa, na bado nilihisi masikio yanawaka. Nilikata mawe ya namna ile mwezi mzima kabla hajaniruhusu kushika patasi. Vifaa vyake vilikuwa vichache: msumeno, tezo, patasi tatu, timazi ya risasi, na pimamaji yenye ufa kwenye kioo. Ule ufa alikuwa ameuzoea hata pimamaji nzima ilimpotosha.

Mzee alikuwa na haja moja duniani wakati ule. Msikiti wetu mdogo ulikuwa umebomoka kibla, na alitaka kukijenga upya kwa matumbawe, kama kilivyokuwa. Imamu hakukataa, lakini hakukubali. Alikuwa ameona majengo mapya Mombasa.

"Saruji haiombi ruhusa ya mtu," alisema Imamu. "Ukiimwaga leo, kesho unaswali."

"Na mtondogoo inapasuka," Mzee akajibu.

"Na hayo mawe yako nani anajua yatasimama? Aliyeyajenga ya mwisho ni babu yako, Bakari. Hatuwezi kumwuliza."

Hapo ndipo alipoingia Bwana Reli, yule Mzungu. Jina lake halisi tulilijua, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa amefanya kazi ya reli bara hadi akastaafu, akajenga nyumba Diani, na badala ya kupumzika akaitandaza reli nyingine bustanini, upana wake vidole vitatu. Gari moshi lilikuwa la shaba, urefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, linachemsha maji kwa spiriti na kupiga filimbi. Lilikuwa na uzito wa kweli, si la watoto. Pale chini ya bustani palikuwa na bonde dogo ambalo kila masika maji hupita. Alikuwa amejenga daraja la saruji hapo, likazama mchangani kama ng'ombe aliyechoka. Sasa alitaka daraja la mawe mepesi, la matao matano, kila tao limekaa juu ya ubao wake wa mvule, ili mvua zikikaribia watu wawili wanyanyue tao moja moja na kuliweka barazani.

Alitufungulia kitabu chenye picha za madaraja ya kwao. Mzee akaangalia sana, akasema, "Haya ni milango mitano isiyo na nyumba."

Bwana Reli alisema Kiswahili alichojifunza bara kwa makarani na makuli. "Fundi, wewe nakata jiwe kubwa tu. Halafu nachora laini juu, iko kama mawe mingi. Watu hapana jua."

"Mimi nitajua," alisema Mzee. "Sichori jiwe juu ya jiwe. Nitayakata."

Basi tukayakata. Kila jiwe ukubwa wa kiberiti, na yale ya kwenye tao yamebanwa upande mmoja ili yakae kama vidole vilivyokunjwa. Kalibu ya kuyapimia tuliikata kwa bati la debe. Hatukuyahesabu. Nakumbuka tu kwamba mke wangu alilalamika nimekuwa mweupe mpaka kope.

Mzee aliona mbali kuliko bustani ile. Alimwambia Imamu, "Njoo ulitazame daraja likikamilika. Jiwe ni lile lile. Likibeba shaba ya Mzungu, litabeba na aya za Mungu." Imamu akakubali. Kwa hiyo daraja la kuchezea likawa ndilo litakaloamua kibla cha msikiti wetu. Sote tulilijua hilo, ila Bwana Reli peke yake.

Sasa nieleze kosa. Tumbawe linatoka baharini na chumvi yake. Kabla ya kujenga ni lazima litoke chumvi, na dawa yake ni mvua: unayaacha nje masika nzima. Lakini ilikuwa kaskazi, jua kali, na Bwana Reli alikuwa na rafiki yake wa reli anayekuja kabla ya mvua. Mzee akaamua tuyaoshe kwa mkono. Tulichimba shimo, tukalisakifu kwa chokaa, tuyaloweke na kubadilisha maji kila siku ya tatu. Kisha binti yake aliyeolewa Mkwiro akajifungua, ikambidi aende akakae huko mwezi. Aliniachia maagizo mafupi.

"Maji matamu tu, Saidi. Na usiniambie yako tayari mpaka ulambe jiwe na ulimi wako usiseme kitu."

Nilifuata maagizo. Naapa nilifuata. Nilichota maji katika kisima cha msikiti, kisima kinachosifiwa Kinondo nzima kwa maji matamu, alichokichimba babu yake Imamu. Nikabadilisha siku ya tatu, na siku ya tatu tena. Nikalamba jiwe, ulimi haukusema kitu.

Kule bustanini tulikuwa na mwenzetu anayeitwa Tsuma, Mduruma wa Kinango, aliyeajiriwa kuchimba njia ya reli. Mnajua sisi Wadigo na Waduruma ni watani. Tangu siku ya kwanza hakuniita kwa jina. Aliniita Samaki, nami nikamwita Vumbi, kwa sababu ya ukame wa kwao. Akija kwetu kula, alisema wali wetu umepikwa na maharamia. Nikienda kwao nilisema mbuzi wao wanatembea wakishikilia kuta. Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Siku moja alikuja shimoni, ana kiu, akateka maji niliyokuwa nayamimina, akanywa, akayatema mbali.

"Samaki, haya mnayaita maji?"

"Maji matamu ya kisima chetu. Kwenu mngeyaona mngeyaabudu."

"Yana chumvi."

"Ulimi wako umezoea tope."

"Nakwambia yana chumvi. Unaosha chumvi kwa chumvi." Alisimama pale, hacheki. "Safari hii si utani, Saidi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu, nikaona huo ndio utani wenyewe ulivyopikwa vizuri. Mtani akikuambia si utani, nani anamwamini? Nikaendelea kumimina.

Mzee akarudi. Nilimwonyesha mawe, akachukua moja, akalamba, akatafakari, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tukajenga. Chokaa tulichoma wenyewe kwa tanuri, tukaiacha majini hadi ikalainika kama samli. Kila tao tulilijengea juu ya nusu ya gogo la mnazi lililokaa kwenye kabari nne. Jiwe la kufungia juu likishaingia, unangoja chokaa ishike, kisha unavuta kabari taratibu, hii kidogo na ile kidogo, gogo lishuke bila tao kushtuka. Mzee hakuniachia kabari mpaka tao la tano. Nilizivuta huku nimezuia pumzi, gogo likashuka, tao likabaki hewani. Mzee akasema, "Haya, pumua." Nimejenga ghorofa baadaye, na sijapata tena raha ya namna ile.

Siku ya kupitisha gari moshi Imamu alikuja na kanzu yake safi, akapewa kiti na chai. Rafiki wa Bwana Reli alipiga magoti nyasini kama mtoto. Gari likapiga filimbi, likaingia darajani na mabehewa sita, likatoka ng'ambo. Imamu aliinama, akapitisha kidole kwenye viungo vya mawe. "Hakuna nyufa," alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea. Alipoondoka alimwambia Mzee, "Baada ya Idi tutazungumza kibla." Mzee alitembea kurudi Kinondo mbele yetu, hakungoja mtu.

Wiki ya tatu mawe yakaanza kutoa unga. Mwanzo nilidhani ni vumbi la chokaa. Nikalipangusa, kesho yake likarudi, jeupe, lenye manyoya kama ukungu wa mkate. Kisha nyuso za mawe zikaanza kubanduka. Misumari ya reli ikaliwa na kutu mpaka ikalegea. Tao la tatu likabaki kama meno ya mzee.

Bwana Reli alituita, akatuonyesha kwa fimbo. "Fundi, daraja yako nalia unga." Hakukasirika. Alikuwa ameona madaraja makubwa zaidi yakilia. "Bomoa, jenga tena. Kazi ya reli iko hivyo tu."

Imamu naye alisikia, akaja mwenyewe kutazama. Alipomaliza akasema, "Bakari, sina la kuongeza. Nitaagiza saruji." Tulipokuwa tunarudi Mzee alisema neno moja tu, na hakuniambia mimi, alikuwa akiutazama mkono wake. "Labda nimeikosea chokaa. Labda nimezeeka."

Hapo ndipo nilipojua. Nilimkumbuka Tsuma akitema yale maji. Na hapa niseme ukweli wote. Sikusema siku ile. Wala ya pili. Nilikaa siku nne, nikimwona Mzee akiipima chokaa upya, akiisugua kati ya vidole, akitafuta kosa lake mahali ambapo halikuwapo. Kosa la maji nimejisamehe, sikulijua. Hizo siku nne ndizo nisizozisahau, maana nililijua.

Siku ya tano nilimfuata Tsuma kwenye mtaro wake.

"Yale maji. Ulisema kweli?"

Aliegemea jembe. "Nilikuambia si utani."

"Kwa nini hukumwambia Mzee?"

"Nikamwambie Mzee wa Kidigo kwamba kisima cha msikiti kina chumvi? Mimi, Mduruma, hata kuswali siswali? Nyinyi mngenioshea mimi kwenye lile shimo."

Nikaenda kwa Mzee, nikamkuta barazani. Nikamwambia yote, ya kisima, ya Tsuma, ya kucheka kwangu, na ya siku nne. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulilamba jiwe?"

"Nililamba."

"Hata mimi nililamba," alisema. "Basi tuna ndimi mbovu, wewe na mimi. Tumezaliwa ndani ya hayo maji." Kisha akaanza kucheka, pole pole, mpaka machozi, na nikaona mgongo wake umenyooka tena. "Si chokaa," akasema. "Alhamdulillahi, si chokaa."

Lakini kumwambia Imamu lilikuwa jambo jingine. Saruji ilikuwa imeagizwa, na kisima kile kilikuwa fahari ya nyumba yao. Mzee hakutaka kugombana kwa maneno. Tulichukua sufuria mbili zinazofanana. Moja tulijaza maji ya kisima, ya pili maji ya mvua kutoka tangi la Bwana Reli. Baada ya swala ya alasiri tukaziweka motoni uani mwa msikiti, na Mzee akamwomba Imamu akae nasi tu, bila kumweleza.

Maji yalichukua muda kukauka. Watu wakakusanyika, mmoja akauliza kama ni shughuli ya nani. Tsuma alikaa nje ya ua, kwenye kizingiti. Sufuria ya mvua ilipokauka ilibaki safi. Ile ya kisima ilibaki na ukoko mweupe.

Nikasimama. Sikuwa msemaji, na sijawa. Nikasema, "Imamu, mawe hayana kosa, na mkono wa Mzee hauna kosa. Niliyaosha mimi, kwa maji haya. Nikaambiwa yana chumvi, nikacheka."

"Aliyekuambia ni nani?"

"Tsuma."

Wote wakageuka kumtazama. Yeye akatazama kwato za punda aliyekuwa anapita.

Imamu akaingiza kidole sufuriani, akalamba. Uso wake haukubadilika. Akalamba tena. "Kisima hiki alikichimba babu yangu kwa mikono yake," akasema.

"Hakuna aliyesema hakukichimba," Mzee akajibu.

Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Ndiyo maana mchuzi wa hapa haukosi chumvi," na kicheko kikapita uani kama upepo, hata Imamu akashindwa kujizuia. Alipotulia alisema, "Jengeni tao moja upya. Lipigwe na masika yote. Likisimama, saruji itajengea choo." Kisha akaongeza, "Na aonje maji yule Mduruma."

Hivyo ndivyo Tsuma alivyopata cheo chake cha pekee maishani. Maji yote yalitoka tangi la mvua, na hakuna ndoo iliyoingia shimoni kabla hajaionja. Alifanya maringo ya sultani. Alisukutua, akafumba macho, akatuacha tumesimama na ndoo zetu. Alilamba mawe pia, moja moja, na alipolikataa jiwe hatukubishana naye. Mimi niliyaosha wiki tisa.

Hatukulijenga tao moja, tulijenga yote matano. Masika ilipokuja Bwana Reli alituma watu wayanyanyue wayapeleke barazani, Mzee akawazuia. Tuliyaacha nje yanyeshewe, maji ya bonde yakapita chini yake. Mvua zilipoisha nilikwenda na Imamu. Alijikunja, akapangusa tao la tatu kwa leso nyeupe, akaitazama leso. Ilikuwa na matope kidogo, basi. Akaikunja, akaitia mfukoni.

Kibla tulikijenga mwaka ule ule. Mzee alichonga, nami nilikata. Kipo, hakijabanduka, na ninaswali mbele yake mara tano kwa siku. Bwana Reli aliondoka na gari lake miaka michache kabla ya uhuru. Reli iling'olewa, nyumba imepita mikono mingi, lakini matao mawili bado yapo chini ya ukuta wa bustani ile, kima wanakaa juu yake. Mzee Bakari alifariki akijua kwamba hakuikosea chokaa.

Tangu hapo, popote nilipojenga karibu na bahari, nilitafuta kwanza mtu wa bara aonje maji. Ninyi mna vipimo vya maabara, vitumieni. Lakini mkipata mtu asiyezaliwa hapo, mpeni kikombe vilevile, na akiwaambia kitu msikicheke.

Tsuma alinidai jambo moja miaka yote. Kila tulipoonana aliniuliza, "Samaki, siku hizi unaonja?" Nami nilimwambia kweli, sionji. Sufuria niliiona kwa macho, chumvi naiamini, lakini nikinywa maji ya kwetu ulimi wangu husema matamu, na siwezi kusema nimeonja nisichokionja. Alikuwa akisikitika kabisa. Alisema nitakufa na ulimi wa samaki changu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumzika. Mtani ana kazi yake msibani, nami niliifanya. Nililala mlangoni nikasema simruhusu atoke mpaka anilipe wali wote alioutukana, wanawe wakacheka huku wanalia. Nilikaa kwao siku saba. Walininywesha maji ya mvua waliyoyahifadhi kwenye mitungi, asubuhi na jioni, kwa sababu kwao hakuna mengine.

Siku ya nane nilirudi Kinondo na kiu ya njia. Nilipita msikitini, nikavuta ndoo, nikanywa kwa kiganja kama nilivyofanya maisha yangu yote.

Yana chumvi, Tsuma.